Je, bakteria rafiki wanaweza kutibu UTI sugu?

Bintimwinyi, Tanga

Wanajukwaa, natumaini hamjambo.

Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 68 na mgonjwa wa kisukari, amekuwa akisumbuliwa na UTI inayomrudia kila baada ya muda. Kila iliporudi alipewa antibiotiki, akapata nafuu, kisha maumivu ya kukojoa na homa vikaanza upya. Safari hii daktari aliagiza mkojo uoteshwe, na majibu yakaonyesha kwamba aliyemo ni Escherichia coli aliye sugu kwa siprofloksasini, kwa seftriaksoni na kwa karibu dawa zote ambazo mama amewahi kuzitumia. Ameandikiwa sindano za meropenemu, na gharama yake imetulazimu kuchangishana ukoo mzima.

Wakati tukihangaika na hilo, jirani mmoja ametuletea vidonge ambavyo anasema vina mabilioni ya bakteria rafiki wanaokwenda kupigana na bakteria sugu hadi kuwamaliza, na ametushauri tuachane na sindano kwa sababu, kwa maelezo yake, dawa hizo ndizo zilizomletea mama usugu. Nimesoma hapa na pale na nimeona kwamba wapo wanasayansi wanaolichunguza jambo hili kwa dhati, kwa hiyo nimeshindwa kulikataa, na kulikubali nako ninaogopa. Je, bakteria hai anayemezwa anaweza kweli kutibu maambukizi yaliyozishinda antibiotiki? Kama anaweza, anafanya hivyo kwa njia gani, na je, anaweza kushika nafasi ya sindano? Ninaomba anayejibu aeleze pamoja na ushahidi wake, kwa kuwa mama atafuata nitakalomwambia.

Mwanamaabara, Mwanza

Dada Bintimwinyi, pole kwa kuuguza. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: mama amalize sindano zake zote kama alivyoandikiwa. Maambukizi ya mkojo yenye homa huweza kupanda kutoka kwenye kibofu hadi kwenye figo, na kutoka kwenye figo kuingia katika damu, na huko hakuna bakteria wa kumeza atakayeweza kumfuata adui. Bakteria rafiki mwenyewe akionekana ndani ya damu ya mtu, huo tayari ni ugonjwa mwingine.

Hata hivyo jirani yenu hakulitunga jambo lote. Amekosea mahali na wakati. E. coli anayemsumbua mama makazi yake ya kawaida ni utumbo mpana, ambako huishi bila kumdhuru mtu, na kutoka huko huvuka sehemu fupi ya ngozi hadi kwenye njia ya mkojo. Kila dozi ya antibiotiki inayopita tumboni huua bakteria wengi wasio na hatia pamoja na wale E. coli ambao bado dawa inawaweza, na anayesalia ni yule mwenye vimeng'enya vya kuivunja dawa, ambavyo sisi wa maabara huvitaja kwa herufi ESBL. Shamba likishafyekwa namna hiyo, yeye ndiye anayeota kwa wingi. Meropenemu itamwondoa kwenye mkojo, lakini mara nyingi wenzake hubaki utumboni, na hiyo ni sababu mojawapo ya UTI kumrudia mtu yuleyule. Kwa hiyo watafiti wengi wa bakteria rafiki wanachunguza kama inawezekana kumnyima bakteria sugu makazi kabla hajaleta ugonjwa, au baada ya dawa kumaliza kazi yake.

Njia za kufanya hivyo ziko kadhaa, nami nitaeleza mbili ambazo zimechunguzwa kwa kina. Mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Mjerumani Alfred Nissle wa Freiburg alimpata askari ambaye hakuugua kuhara damu ingawa wenzake waliokuwa naye vitani waliugua. Katika kinyesi cha askari huyo alimtenga E. coli ambaye hadi leo anaitwa kwa jina lake, na ambaye bado anatumika Ujerumani kama dawa ya matumbo. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba bakteria huyo ana zana nyingi za kunyakua madini ya chuma, ambayo bakteria wote wa ukoo wake wanayahitaji ili wazaliane, na kwamba hutoa protini ndogo ziitwazo mikrosini zinazowaua jamaa zake wa karibu. Lakini huyohuyo amebeba jeni za kutengeneza kolibaktini, kemikali inayoweza kuharibu DNA ya seli zetu, na kwa sababu hiyo wanasayansi hawajaacha kumjadili. Ninalitaja hili makusudi, kwa sababu maneno "bakteria rafiki" huwafanya watu wadhani kwamba urafiki huo hauna masharti.

Njia ya pili imechunguzwa Thailand. Mwaka 2018, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani pamoja na wenzao wa Thailand waliwapima watu 200 wa vijijini, wakaona kwamba kila aliyekuwa na bakteria wa jenasi ya Bacillus tumboni hakuwa hata kidogo na Staphylococcus aureus, bakteria anayeweza kuleta maambukizi ya ngozi na ya damu. Sababu waliyoipata ni kwamba Bacillus hutoa kemikali ziitwazo fengisini, ambazo huzuia mawasiliano ya kikemikali ambayo Staphylococcus huyahitaji ili ashike makazi utumboni. Adui hauawi, hupoteza uwezo wa kukaa. Matokeo ya jaribio la kitabibu yalifuata mwaka 2023: watu 115 wenye afya waliokuwa wamebeba Staphylococcus walipewa ama Bacillus subtilis ama vidonge vitupu, yaani visivyo na bakteria wala dawa, kwa wiki nne, na kwa waliopata Bacillus idadi ya Staphylococcus ilipungua kwa takriban asilimia 97 katika kinyesi na asilimia 65 puani. Antibiotiki haifanyi hivyo bila kuwaumiza bakteria wengine, na kwa maoni yangu hii ni miongoni mwa kazi zenye matumaini makubwa katika eneo hili. Hata hivyo, washiriki wale walikuwa wabebaji wa kimelea wasio na ugonjwa.

Tabibu, Morogoro

Ninaungana na Mwanamaabara kuhusu sindano, na ningependa kuongeza ushahidi unaohusu kibofu, kwa kuwa upo utafiti uliofanywa kwa wanawake wanaokaribiana sana na hali ya mama.

Mwaka 2012 madaktari wa Amsterdam walichapisha matokeo ya jaribio la wanawake 252 waliokwisha kukoma hedhi na waliokuwa wakirudiwa na UTI. Kundi moja lilipewa ko-trimoksazoli, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita Septrin, kila siku kwa miezi 12, na kundi jingine likapewa vidonge vyenye Lactobacillus rhamnosus GR-1 na Lactobacillus reuteri RC-14. Mwaka uliotangulia, makundi yote mawili yalikuwa yakipata UTI mara saba hivi kwa kila mtu. Katika mwaka wa jaribio, waliotumia antibiotiki walipata UTI mara 2.9 kwa wastani, na waliotumia bakteria mara 3.3. Kwa kipimo ambacho watafiti walikuwa wamejiwekea tangu mwanzo, bakteria hawakuweza kuthibitika kuwa sawa na antibiotiki katika kuzuia UTI. Aidha, halikuwapo kundi la vidonge vitupu, kwa hiyo hatuwezi kusema ni kiasi gani cha upungufu huo kingetokea chenyewe.

Jambo lililonigusa zaidi ni kipimo cha usugu. Kabla ya jaribio, kati ya asilimia 20 na 40 ya E. coli waliotolewa katika kinyesi na mkojo wa wanawake hao walikuwa sugu kwa ko-trimoksazoli. Baada ya mwezi mmoja tu wa kuitumia, usugu ulifika kati ya asilimia 80 na 95 katika kundi la antibiotiki, na katika kundi la bakteria haukuongezeka. Mimi ninaiona tofauti ndogo ya idadi ya UTI kuwa gharama inayoweza kuvumilika, ikiwa mgonjwa atabaki na dawa itakayofanya kazi siku atakapopata maambukizi ya figo. Wapo madaktari wenzangu wanaoona vinginevyo, nami ninaelewa sababu zao, kwa maana mgonjwa anayeumia leo ana haki ya kinga iliyo bora zaidi kwa leo.

Kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, utafiti wa Seattle wa mwaka 2011 uliwachukua wanawake 100 ambao UTI yao ilikuwa imekwisha kutibiwa kwa antibiotiki, kisha wakawekewa Lactobacillus crispatus ukeni au dawa tupu. UTI iliwarudia asilimia 15 ya waliopata bakteria, na asilimia 27 ya waliopata dawa tupu. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo mno kuifanya tofauti hiyo iwe ya uhakika, lakini waliokingwa zaidi walikuwa wale ambao bakteria huyo alishika makazi kweli na kuongezeka.

Na hapo ndipo penye shida ya mama. Baada ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni hupungua, ukuta wa uke hukosa sukari ambayo Lactobacillus huitegemea, asidi hupungua, na E. coli hupata njia. Kumeza Lactobacillus bila kurekebisha mazingira hayo kunaweza kuwa kazi ya bure. Mwaka 1993 Raul Raz na Walter Stamm walionyesha kwamba krimu ya estrioli inayopakwa ukeni iliwarudisha Lactobacillus katika asilimia 61 ya wanawake ndani ya mwezi mmoja, bila mtu kumeza bakteria yeyote, na kwamba UTI ilikuwa mara 0.5 kwa mwaka kwa kila mwanamke, ikilinganishwa na mara 5.9 kwa waliopaka krimu tupu. Muulize daktari wa mama kuhusu krimu hiyo, kwa sababu ndiyo njia iliyothibitishwa vizuri zaidi ya kuwarejesha bakteria rafiki kwa mwanamke wa umri wake, na hali nyingine za kiafya zitampa daktari sababu ya kukubali au kukataa.

Nitaongeza jambo moja ambalo wauguzaji wengi hawaambiwi. Baada ya dozi, ikiwa mama hana homa wala maumivu, mkojo usioteshwe tena kwa ajili ya kuhakikisha tu. Wanawake wengi wa umri wake, na hasa wenye kisukari, huwa na bakteria katika mkojo bila ugonjwa wowote, na kuwapa antibiotiki kwa sababu ya karatasi ya maabara huongeza usugu bila kuwasaidia.

Mfamasia, Arusha

Nimesoma majibu yaliyotangulia kwa heshima, lakini mimi nina tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu ninaviona vidonge hivi vikiuzwa kwa watu wasiostahili kupewa.

Nchini Uholanzi, jaribio lililochapishwa mwaka 2008 liliwapa mchanganyiko wa bakteria rafiki wagonjwa wenye kongosho lililovimba vibaya, kwa matumaini ya kuzuia maambukizi. Maambukizi hayakupungua. Kati ya wagonjwa 152 waliopewa bakteria walifariki 24, na kati ya 144 waliopewa dawa tupu walifariki 9, na baadhi ya waliopewa bakteria walipata tatizo la utumbo kukosa damu ambalo katika kundi jingine halikuonekana kabisa. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa la wagonjwa 2,650 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia nchini Kanada, Marekani na Saudi Arabia. Nimonia iliwapata asilimia 21.9 ya waliopewa Lactobacillus rhamnosus GG na asilimia 21.3 ya wasiopewa. Mbali na kutosaidia, bakteria hao waliopewa kama kinga walikutwa wameleta madhara au kuingia mahali pasipo pao kwa wagonjwa 15, dhidi ya mmoja katika kundi jingine. Kwa hiyo mtu aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, mwenye mrija katika mshipa mkubwa wa damu, au ambaye kinga yake imeshuka kwa saratani au kwa dawa, asipewe vidonge hivi na ndugu kwa siri.

Hata kwa mtu mwenye afya sioni kwamba ni jambo la kukimbilia. Taasisi ya Weizmann ya Israeli ilichapisha mwaka 2018 utafiti wa watu waliopewa siprofloksasini na metronidazoli kwa pamoja. Waliomeza probiotiki, yaani bakteria rafiki wa vidonge, baadaye walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila chochote, kwa sababu wageni walikalia nafasi ya wenyeji.

Nami nina hoja ya bidhaa zenyewe. Katika nchi nyingi vidonge hivi husajiliwa kama chakula cha nyongeza, kwa hiyo muuzaji halazimiki kuthibitisha kwamba vinatibu chochote. Kama kibandiko kinasema "Lactobacillus" pekee, bila spishi na bila alama ya nasaba kama GR-1 au GG, mnunuzi hana njia ya kuvihusisha na utafiti wowote kati ya zile tafiti mlizozitaja. Bakteria waliokaa kwenye joto la Tanga kwa miezi dukani wanaweza kuwa wamekwisha kufa kabla ya kununuliwa. Tena baadhi ya bakteria wa bidhaa hizi, hususan wa jenasi ya Enterococcus, wanaweza kubeba jeni za usugu na kuwapa bakteria wengine tumboni, kwa hiyo bidhaa ambayo haijachunguzwa inaweza kuongeza tatizo lilelile tunalotaka kulipunguza.

Mfugaji, Kibaha

Ninafuga kuku wa nyama, na ninaomba mniruhusu niingie, kwa kuwa huku kwetu jambo hili lina historia ndefu kuliko kwa binadamu. Mwaka 1971 Salmonella, bakteria anayeharisha watu, ilienea kwa kuku wa Finland, na mtafiti Esko Nurmi akajiuliza kwa nini vifaranga vya siku ya kwanza huambukizwa kwa urahisi kuliko kuku wakubwa. Vifaranga vya mashine ya kutotoleshea havimwoni mama, kwa hiyo huanza maisha na utumbo mtupu. Nurmi na mwenzake Rantala waliwapa vifaranga maji yenye bakteria kutoka kwenye utumbo wa kuku mzima mwenye afya, na vifaranga hivyo vikaweza kuizuia Salmonella isishike. Walichapisha kazi hiyo mwaka 1973, na bidhaa zilizotokana nayo zimetumika kwa miaka mingi.

Wafugaji wengi wa huku kwetu huchanganya antibiotiki katika maji ya vifaranga tangu siku ya kwanza, hata kama hakuna ugonjwa. Hatari yake inawafikia watu kama mama wa Bintimwinyi, kwa sababu E. coli sugu wa bandani anaweza kumfikia mlaji na mhudumu. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, na ufugaji wao unaendelea. Ninaamini kabisa kwamba bakteria rafiki wana nafasi bandani leo, wakati wa hospitali bado wanajadiliwa, mradi banda liwe safi na chanjo zitolewe kwa wakati.

Bintimwinyi, Tanga

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Mama anaendelea na sindano, homa imeshuka, na vidonge vya jirani nimevirudisha kwa maneno ya heshima. Suala la krimu nitalifikisha kwa daktari.

Nina maswali mawili yaliyozaliwa na majibu yenu. Mdogo wangu amejifungua mtoto njiti ambaye bado yuko wodini, na wodi ile imewahi kupata bakteria sugu. Amesikia kwamba huko India watoto wachanga walipewa bakteria wakaepuka kufa, naye anataka tumnunulie vidonge hivyo avichanganye na maziwa yake. Je, ni sahihi? La pili ni kuhusu mtindi: je, mtindi wetu wa kawaida una bakteria wa aina mnayoisema?

Tabibu wa Watoto, Mombasa

Dada, mwambie mdogo wako asimpe mtoto chochote bila madaktari wa wodi kujua. Nitaeleza sababu, kwa kuwa utafiti aliousikia ni wa kweli na unastahili kusomwa kwa makini.

Ulifanyika katika vijiji vya jimbo la Odisha na kuchapishwa mwaka 2017 na Pinaki Panigrahi na wenzake. Watoto 4,556 walipewa ama dawa tupu ama Lactobacillus plantarum pamoja na sukari maalumu ya kumlisha bakteria huyo, kwa siku saba tu, kuanzia siku za mwanzo za maisha. Maambukizi makali ya damu au kifo viliwapata asilimia 9 ya waliopewa dawa tupu, na asilimia 5.4 ya waliopewa bakteria, yaani upungufu wa asilimia 40. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa mapema. Kwa nchi kama zetu, ambako antibiotiki za kumtibu mtoto mchanga zinazidi kukosa nguvu, matokeo hayo yana uzito mkubwa. Mwaka 2007, watafiti waliofanya kazi katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili walichapisha matokeo kwamba usugu wa bakteria katika damu za watoto uliashiria kifo, na kwamba watoto wenye bakteria wa kundi la gramu hasi, ambalo E. coli ni mmojawapo, katika damu walifariki kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha wenye malaria. Mtoto akifika hapo, dawa iliyopo huenda isimfae, na kumzuia asifike ni bora kuliko kila tunachoweza kufanya baadaye.

Lakini watoto wa Odisha walikuwa na uzito wa angalau gramu 2,000 na walikuwa wamezaliwa mimba ikiwa na wiki 35 au zaidi. Hawakuwa njiti wadogo walioko wodini. Njiti ana utumbo mwembamba ambao bakteria wanaweza kuupenya, naye mara nyingi ana mirija katika mishipa. Oktoba 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya madaktari baada ya mtoto njiti kufariki kwa maambukizi ya damu yaliyosababishwa na Bifidobacterium yuleyule aliyekuwamo katika bidhaa aliyopewa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, linasema kwamba probiotiki zinaweza kufikiriwa kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 32 na wanaolishwa maziwa ya binadamu, kwa ajili ya kuzuia ugonjwa hatari wa utumbo unaowapata njiti. Huo ni uamuzi wa wodi yenye bidhaa inayoaminika na yenye uwezo wa kuotesha damu pale mtoto anapobadilika. Ndugu hawawezi kuufanya kwa bidhaa ya dukani.

Kile ambacho mdogo wako anaweza kukifanya leo kina nguvu kuliko anavyodhani. Maziwa yake yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga na ambazo Bifidobacterium huzila, kwa hiyo kila tone analomkamulia mtoto linawalisha bakteria tunaotaka washike utumbo wake. Amkumbatie ngozi kwa ngozi, kwa ile njia ya kangaruu, ili mtoto apate bakteria wa mama badala ya wale wa wodi, na anawe mikono kila mara bila kuona haya kumkumbusha mhudumu afanye vilevile.

Mwanamaabara, Mwanza

Mfamasia, hoja zako za bidhaa ninazikubali bila kupunguza. Kuhusu imani katika njia yenyewe, mimi humtazama bakteria Clostridioides difficile, ambaye huharisha watu vibaya baada ya antibiotiki kuwafagia bakteria wao. Mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam waliwapa wagonjwa wa namna hiyo kinyesi kilichochujwa kutoka kwa watu wenye afya. Walipona 13 kati ya 16 kwa mara ya kwanza, wakati antibiotiki ya vankomaisini iliwaponya 4 kati ya 13, na tangu mwaka 2022 Marekani imeidhinisha dawa rasmi zinazotengenezwa kwa njia hiyo. Hapo jamii nzima ya bakteria ilitibu ugonjwa ambao antibiotiki ilikuwa imeshindwa. Hatari nayo ilionekana: mwaka 2019 ilitangazwa huko Marekani kwamba wagonjwa wawili walipewa kinyesi chenye E. coli wa ESBL ambacho hakikuwa kimepimwa kwa ajili yake, na mmoja wao akafariki.

Dada Bintimwinyi, kuhusu mtindi, jibu linategemea chachu iliyotumika. Mtindi, maziwa lala na togwa vina bakteria wa asidi ya laktiki, na asidi yao huzuia vimelea vingi vya kuharisha visikue ndani ya chakula. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliokunywa togwa mara moja kwa siku walipungukiwa na vimelea vya kuharisha katika kinyesi. Hapa Mwanza, mwaka 2004, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kugandisha mtindi kwa kutumia GR-1, nasaba ileile aliyoitaja Tabibu, ambayo Andrew Bruce na Gregor Reid waliichunguza Kanada kwa ajili ya maambukizi ya mkojo. Mtindi wa kawaida hauna GR-1 isipokuwa umetiwa, kwa hiyo usiutarajie kuwa kinga ya UTI, ila kwa mama mwenye kisukari anayekula vizuri ni chakula chema ukiwa hauna sukari.

Ukiugandisha nyumbani, chemsha maziwa kwanza ili kuondoa bruselosisi na kifua kikuu cha ng'ombe, uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu, ndipo utie vijiko vichache vya mtindi safi wa jana. Ukishaganda usiuchemshe tena, kwa sababu bakteria wote watakufa. Usimpe yule njiti.